POLISI, RAIA, NA KARATASI ILIYOLALA MEZANI



Katika baraza yetu ya mwezi uliopita yalizuka mabishano ambayo hatukuyatazamia. Mwenzetu mmoja, naye ni karani mtu mzima wa kuheshimiwa, alitueleza habari za Polisi wa Ubelgiji na jinsi walivyomsaka mtu aitwaye Salah Abdeslam baada ya mashambulio ya Paris ya mwaka 2015. Hakupata kumaliza maneno yake, mara baraza ikagawanyika. Upande mmoja ulisema Polisi wale walikuwa wazembe, na mshahara wao ulikuwa haramu. Upande wa pili ulisema si haki mtu aliyeketi kitini na kikombe chake cha chai kumhukumu mwenziwe aliyekwenda mbele ya bunduki. Tulitawanyika bila suluhu. Penye mlango ndugu mmoja akaniomba gazeti letu hili lisiandike neno juu ya jambo lile, kwa kuwa Polisi nao ni watumishi kama sisi, na mtumishi hamwumbui mtumishi mwenziwe.

Tumelifikiri ombi hilo kwa heshima zote, na tumeona hatuwezi kulikubali. Twaandika, kwa sababu jambo lenyewe latuhusu sisi makarani kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote, kama msomaji atakavyoona akitufuata kwa subira mpaka mwisho.

Kwanza yafaa kueleza mambo yalivyokuwa, maana katika baraza wengi walibishana juu ya habari wasiyoijua. Usiku wa tarehe 13 Novemba 2015 watu 130 waliuawa katika mji wa Paris na mtaa wa Saint-Denis ulio jirani yake, wengine wakiwa mkahawani na wengine wakisikiliza muziki. Wauaji walikuwa kundi, na wengi wao walikufa palepale. Mmoja hakufa. Huyo ndiye Abdeslam, kijana aliyekulia Molenbeek, mojawapo ya mitaa ya Brussels. Asubuhi yake, tarehe 14, alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzi wawili wakirudi Ubelgiji, na karibu na mji wa Cambrai askari wa Kifaransa wakalisimamisha gari lile. Walitazama hati zao. Jina lake lilikuwa bado halijatangazwa kwao kuwa ni jina la mtu atafutwaye kwa mauaji yale, basi wakawapa ruhusa wakaenda zao. Jina lilipokuja kujulikana, gari lilikwisha kupita.

Toka siku ile alisakwa kwa muda wa siku 126. Mji wa Brussels ulifungwa kwa siku kadhaa mwezi ule wa Novemba. Shule zilifungwa, gari-moshi za chini ya ardhi zilisimama, askari wa vita walizunguka mabarabarani. Mwezi wa Desemba alama za vidole vyake zilionekana katika nyumba moja ya mtaa wa Schaerbeek, lakini mwenyewe hakuwamo. Tarehe 15 Machi 2016 askari waliingia nyumba moja ya mtaa wa Forest wakapokewa kwa risasi, na wanne wao wakajeruhiwa. Tarehe 18 Machi alikamatwa, naye alikuwa wapi? Alikuwa Molenbeek kulekule, si mbali na nyumba ya wazazi wake. Siku nne baadaye, tarehe 22 Machi, wenziwe waliobaki walilipua mabomu katika kiwanja cha ndege cha Zaventem na katika kituo cha gari-moshi cha Maelbeek, wakaua watu 32.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Je, twashangaa watu wa Brussels walipopandwa na hasira? Waliuliza: Imekuwaje mtu atafutwaye na Ulaya nzima akae miezi minne karibu na mlango wa mama yake? Imekuwaje ashikwe, ahojiwe kidogo tarehe 19, kisha asihojiwe tena mpaka mabomu yalipokwisha kupasuka? Mwenye kuuliza maswali hayo si adui wa Serikali. Ni mtu alipaye kodi, na ambaye mtoto wake hupanda gari-moshi lile kila siku. Swali la raia kwa Polisi si tusi. Ni kama swali la mwenye shamba kwa mlinzi wake aamkapo na kuona mahindi yameliwa. Mlinzi mwema hujibu. Mlinzi mbaya hukasirika. Basi juu ya jambo hili la kwanza twawaunga mkono wale waliosema katika baraza kwamba Polisi waweza kuhojiwa, tena hadharani.

Walakini hatukubaliani nao katika neno lao la pili, yaani kwamba kosa lote lilikuwa uzembe wa askari. Mwenye kulaumu hana budi kupambanua, kama mganga apambanuavyo homa na jeraha. Katika habari hii twaona makosa ya namna tatu, na kila moja lina dawa yake.

Kosa la kwanza ni la sheria. Sheria ya Ubelgiji wakati ule ilikataza kupekua nyumba ya mtu tangu saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri, isipokuwa kwa sababu chache. Mwenye kuwa Waziri wa Sheria, Bwana Koen Geens, alisema mwenyewe hadharani ya kuwa yawezekana Abdeslam alikuwa katika nyumba moja ya Molenbeek usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba, na askari hawakuingia kwa ajili ya saa. Watu walicheka kwa uchungu. Lakini tufikiri: sheria ile haikutungwa na mpumbavu. Ilitungwa ili mtu alale usingizi wake bila kuvunjiwa mlango na wakubwa, na sisi tuliotawaliwa na wageni twajua thamani ya sheria ya namna hiyo. Askari anayeitii sheria asiitwe mzembe. Kama sheria haifai, wa kuulizwa ni watungaji wake. Katika mwaka 2016 Bunge lao liliibadili kwa makosa ya ugaidi, na huko ndiko lawama ilikostahili kupelekwa.

Kosa la pili ni la haraka, na hili lilitokana na raia na magazeti kama lilivyotokana na Polisi. Baada ya mabomu ya Machi picha ilionyesha mtu wa tatu katika kiwanja cha ndege, amevaa kofia. Nchi nzima ikataka kofia ile ipatikane upesi. Tarehe 24 Machi akashikwa mtu, akashitakiwa, jina lake likatembea dunia nzima. Tarehe 28 akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Mwenye kofia hasa alikuwa Mohamed Abrini, naye alishikwa tarehe 8 Aprili. Mtu huyo wa kwanza ni nani atakayemrudishia jina lake? Haraka haraka haina baraka. Raia wanaopiga kelele usiku na mchana, «Mkamateni! Mkamateni!», wajue kwamba kelele zao huweza kumtia pingu asiye na hatia, na mwenye hatia akapata kupumua. Vilevile watu wa Molenbeek walipata taabu kubwa. Mtaa mzima ulitazamwa kwa jicho baya, hata mwuza mboga na mwalimu wa chuoni, kwa sababu ya wachache waliotoka humo. Samaki mmoja akioza huoza mtungo pia, wasema wazee. Lakini wanadamu si samaki, wala mtaa si mtungo.

Sasa twafika kwenye kosa la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Ni kosa la karatasi.

Mwezi wa Desemba 2015, wakati Abdeslam akisakwa kila mahali, Polisi wa mji wa Mechelen, ulio katikati ya Brussels na Antwerp, walipata habari iliyotaja nyumba moja huko Molenbeek. Nyumba hiyo ilikuwa katika mtaa uleule alimokuja kukamatwa miezi mitatu baadaye. Habari iliandikwa kama ipasavyo. Lakini haikufika kwa wale waliokuwa na kazi ya kumsaka. Mwezi wa Machi 2016 mkuu wa Polisi wa Mechelen alikiri mbele ya watu kwamba taarifa ile haikupelekwa ilikotakiwa kupelekwa.

Ndugu zangu, someni habari hiyo mara ya pili. Hapakutakiwa bunduki wala mbwa wa kunusa wala ushujaa. Palitakiwa mtu wa kuchukua karatasi kutoka meza hii na kuipeleka meza ile. Kazi hiyo si ya simba; ni ya karani. Ni kazi yangu mimi na wewe.

Na karatasi ile haikuwa peke yake. Mwezi wa Juni 2015 Waturuki walimshika karibu na mpaka wa Syria mtu aitwaye Ibrahim El Bakraoui, wakamrudisha Ulaya mwezi uliofuata kwa njia ya Uholanzi, na wakawapa Wabelgiji habari. Mtu huyo alikuwa amehukumiwa kifungo kwa kuwapiga risasi polisi, akafunguliwa kabla ya muda wake kwa masharti. Habari ilikwenda ikapunguza mwendo, ikasimama, ikalala. Tarehe 22 Machi 2016 alijilipua katika kiwanja cha ndege.

Brussels ni mji mmoja, lakini una mitaa 19 yenye mameya wake, na vikosi 6 vya polisi, mbali na Polisi wa nchi nzima. Methali yetu yasema, Penye wengi hapaharibiki neno. Methali hiyo ni ya kweli pale wengi wanapoketi baraza moja. Wakiketi baraza sita, kila moja na mlango wake umefungwa, neno huharibika, maana kila mtu hudhani mwenziwe amekwisha kulisikia.

Tena Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuonywa. Katika mwaka 1996 nchi yao ilitikiswa na mambo ya Marc Dutroux, mwovu aliyewateka na kuwaua wasichana. Ilipochunguzwa ilionekana kwamba vikosi vya polisi vya wakati ule vilikuwa na habari zake, lakini kila kikosi kilikumbatia chake kama mama na mwanawe. Tarehe 20 Oktoba 1996 watu wapata 300,000 waliandamana Brussels wamevaa na kuchukua vitu vyeupe, bila fujo. Kwa sababu hiyo Polisi ya nchi ilitengenezwa upya kwa sheria ya mwaka 1998. Yaani nyumba ilijengwa upya kutoka msingi, na baada ya miaka ishirini panya alipita kwenye tundu lilelile. Hapo twajifunza ya kwamba kubadili kibao cha mlangoni si kubadili desturi ya watu walio ndani.

Nami sasa nitasema jambo ambalo sijapata kulisema katika miaka kumi na moja, na wasomaji watanihukumu watakavyo.

Nilipokuwa kijana, mara tu baada ya kutoka shule ya misioni, niliajiriwa katika ofisi moja ya wilaya, kazi yangu kupokea barua na kuzitia katika majalada. Siku moja ikaja barua ya mzee mmoja wa kijiji, imeandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi ya daftari la mtoto, yasema kwamba kamba ya kivuko cha mto wao imekula na itakatika. Mwandiko ulikuwa mbaya, na mimi nilijivunia mwandiko wangu. Nikaisoma nusu, nikaitia katika jalada la «Maombi ya Vijiji», nikaandika pembeni, «Imehifadhiwa». Jalada la barabara na vivuko lilikuwa katika chumba cha pili, hatua ishirini. Sikwenda.

Siku ya kumi na saba kamba ilikatika. Mungu alijalia hakufa mtu, lakini mtoto wa kiume alivunjika mkono, na mtama wa kaya nyingi ukaenda na maji. Uchunguzi ukafanywa. Mvushaji, mzee asiyejua kusoma, aliulizwa kwa nini hakutoa taarifa. Akasema alitoa, kwa njia ya mzee wa kijiji. Akaambiwa alete ushahidi. Ushahidi ulikuwa ndani ya kabati, nyuma ya kiti changu. Mvushaji akafukuzwa kazi. Nami nilikaa kimya, nikapiga taipu barua yake ya kufukuzwa kwa mkono wangu mwenyewe, wala haikuwa na kosa hata moja.

Nilipomsikia mwenzetu katika baraza akieleza habari ya Mechelen, sikumwona askari wa Kibelgiji. Nilimwona mvushaji. Kwa hiyo siwezi kusema pamoja na upande wa kwanza kwamba wale walikuwa watu wa ajabu, wavivu kupita wanadamu wengine. Wala siwezi kukubali pamoja na upande wa pili kwamba tunyamaze tukilindana, maana najua kimya cha namna hiyo humwangukia nani. Humwangukia mdogo.

Tazameni hata kule Ulaya. Baada ya mabomu, Waziri wa Mambo ya Ndani, Bwana Jan Jambon, na mwenziwe wa Sheria walitaka kujiuzulu. Waziri Mkuu, Bwana Charles Michel, akawakatalia, nao wakarudi vitini. Mwaka 1998, Dutroux alipowatoroka askari kwa saa chache, mawaziri wawili wenye vyeo hivyohivyo waliacha kazi, wakaenda zao. Mwaka 2016 haikuwa hivyo. Bali katika siku zilezile ofisa mmoja wa polisi aliyewekwa Uturuki alinyoshewa kidole mbele ya Bunge na Waziri mwenyewe, kwamba ndiye aliyezembea katika habari ya El Bakraoui. Hatusemi ofisa yule hakukosa, hatukuwapo. Twasema tu kwamba lawama, kama maji, hutelemka, na hukusanyika pale palipo chini. Bunge lilifanya vema lilipounda tume yake ya kuchunguza, nayo ikasema kwa urefu juu ya habari zisizopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Uchunguzi wa namna hiyo ndio uliomkosa mvushaji wetu.

Basi twaona nini liwe shauri letu?

Kwa raia twasema: ulizeni, lakini ulizeni kwa haki, na mkiuliza, saidieni. Siku ile ya mabomu dereva mmoja wa teksi aliwakumbuka abiria wake na masanduku yao mazito, akawaambia Polisi mahali alipowapakia, na katika nyumba hiyo baruti nyingi ikapatikana. Na Novemba ya 2015, Polisi walipowaomba watu wasitangaze habari za misako, watu wa Brussels walijaza simu zao picha za paka badala ya habari, hata Polisi wakawashukuru kwa kuwaonyesha bakuli la chakula cha paka. Mambo hayo madogo yaonyesha kwamba raia na askari waweza kuwa mkono wa kulia na wa kushoto.

Kwa ndugu zetu walio katika Polisi twasema: msidhani kila aulizaye ni adui. Mficha maradhi kifo humwumbua. Mkuu wa Mechelen alipokiri, heshima yake haikupungua machoni petu, iliongezeka.

Na kwa sisi makarani, ambao hatuvai kofia ya askari wala hatutajwi siku ya sifa, twaleta mashauri matatu, na tutayaweka mbele ya mkutano ujao yapigiwe kura. La kwanza, barua isiandikwe neno «Imehifadhiwa» mpaka pawe na jina la mtu aliyeisoma yote na tarehe aliyoisoma. La pili, barua inayohusu hatari ya maisha, hata ikiwa imeandikwa kwa mkaa juu ya ganda la mti, ichukuliwe kwa mkono mpaka meza inayohusika, na apokeaye atie sahihi. La tatu, mtumishi mdogo atakaposhitakiwa kwa kutotoa taarifa, Chama chetu kiombe makabati yafunguliwe kwanza kabla ya hukumu.

Abdeslam alihukumiwa Paris mwezi wa Juni 2022 kifungo cha maisha bila tumaini la kutoka, na Brussels akatiwa hatiani tena katika mwaka 2023. Msako ulikwisha na haki ikafuata mkondo wake. Lakini watu 32 wa Zaventem na Maelbeek hawakurudi, na hakuna ajuaye kama karatasi moja ingaliwaokoa. Labda isingaliwaokoa. Karani hapewi kujua karatasi ipi ndiyo yenye roho ya mtu ndani yake, na kwa hiyo hana budi kuzichukua zote kama kwamba kila moja inayo.

Mvushaji yule nimepata habari kuwa angali hai. Nimemwandikia mkuu wa ofisi ile ya zamani barua ya kueleza yaliyotukia, na nakala nimeipeleka kwa mzee mwenyewe, asomewe na mjukuu wake. Jibu bado. Likija, jema au baya, wasomaji watalikuta katika ukurasa huu.

Wasalaam,
MHARIRI